Kodi ya Masikio

Mama yangu hajawahi kulikubali neno kiziwi. Akiulizwa na mtu asiyemjua vizuri, husema masikio yake yamestaafu na yeye ameyaacha yapumzike. Mtu hucheka, naye hucheka pamoja naye, lakini macho yake hayabanduki kwenye midomo ya mwenzake. Hivyo ndivyo alivyoishi na wauza mboga, mafundi bomba na mwenye nyumba wake miaka nenda miaka rudi, na wengi wao mpaka leo hawajui kwamba hasikii hata mlango ukibamizwa.

Alikuwa mpokezi wa simu katika hospitali kubwa ya serikali. Enzi hizo, kabla kila mtu hajawa na simu yake mfukoni, simu zote za pale zilipita mikononi mwake: wodi, maabara, jikoni, chumba cha maiti, ofisi ya mganga mkuu. Ukitaka chochote ulipiga sifuri, na mama ndiye aliyeitika. Madereva wa gari la wagonjwa ndio walioanza kumwita Sifuri kwa utani, jina likakolea, mwishowe hata mganga mkuu akawa hamwiti vingine. Alikaa mbele ya ubao wenye vitaa vidogo, kila chumba na kitaa chake. Nikitoka shule nilikaa chini ya meza yake kumsubiri, na sheria ya kazi yake niliijua kabla ya kujua kugawanya: kitaa kikiwaka, hukiachi. Huenda ni mtu anauliza saa ya kuona wagonjwa, huenda ni mtu anakata roho. Wewe hujui, kwa hiyo unaitika.

Sikio la kulia lilikwenda siku ya mvua, radi ilipopiga waya naye amevaa kisikilizio. La kushoto likafuata bila haraka, mpaka akawa anaunganisha watu kwa kubahatisha. Mganga mkuu anataka maabara, anapelekwa jikoni, anaulizwa anataka chai ya wangapi. Walimvumilia kwa sababu walimpenda. Kisha bodi ya madaktari ikakaa, na serikali ikampumzisha kabla ya umri wake kwa pensheni ya ulemavu.

Baba alikuwa ameshatangulia, kaka yangu alikuwa na familia yake, na mimi nilipanga chumba karibu na kazini. Mama akachukua vyumba viwili juu ya duka la madaftari, ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la hospitali ile ile. Tulimwambia kuna kelele mno pale. Akasema, kelele za nani? Aliweka kiti dirishani, akawa anasoma midomo ya watu langoni. Ukienda kumtembelea unapewa habari zote. Mlinzi kanuniana na mkewe, muuguzi yule mrefu anataka kuacha kazi, na yule mzee wa jana amepona, alikuwa anamsimulia dereva huku anaonyesha tumbo. Nyumba nzima ilikuwa kile kiti na lile dirisha. Vingine vyote vilikuwa vyombo tu.

Basi akatimiza umri wa kustaafu. Tulimpelekea keki, tukala, tukacheka. Mwezi uliofuata pensheni ikaingia pungufu. Akadhani benki wamekosea, akanyamaza. Mwezi wa pili vilevile. Wa tatu, akiisha kulipa pango, hakubakiwa na kitu cha kuweka chunguni, na hapo ndipo aliponitumia ujumbe wa maneno mawili: "Njoo. Wananila."

Mimi napiga pasi kwa dobi mmoja mjini, mashuka na vitambaa vya meza vya hoteli. Kazi ya kusimama kutwa, na jioni miguu huwa si yangu tena. Kuomba ruhusa kwa bosi wangu ni sawa na kumwomba figo. Nilimwomba, akanuna, akanipa asubuhi moja, nikampeleka mama ofisi ya pensheni.

Tulikaa kwenye benchi mpaka nikamjua kila mtu kwa kikohozi chake. Zamu yetu ilipofika, karani alikuwa nyuma ya kioo, anaongea huku ameinamia kompyuta. Mama hakuweza kumsoma. Akanigeukia mimi, kama afanyavyo siku zote, nami nikawa narudia maneno ya karani kwa midomo tu, bila sauti. Hii ndiyo kazi yangu ya pili na haina mshahara. Tumeizoea kiasi kwamba wakati mwingine hata nikiwa peke yangu kwenye foleni, namsikiliza mtu huku midomo yangu inacheza.

"Alichokuwa analipwa kwanza ni pensheni ya ulemavu," karani alisema. "Ile ni kama fidia, haikatwi kodi ya mapato. Alipotimiza umri wa kustaafu, mfumo ukaihamisha ikawa pensheni ya uzeeni. Hiyo inahesabiwa kuwa mapato kama mshahara. Ikizidi kiwango, inakatwa."

"Lakini hela ni ile ile," nikasema. "Na mtu ni yule yule."

"Mtu ni yule yule, dada. Kilichobadilika ni jina la hela."

"Na masikio je? Yeye amepona kwa sababu amezeeka?"

Karani akainua kichwa kwa mara ya kwanza. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu, na uchovu naujua nikiuona. "Hapo ndipo penye njia," akasema. "Mlemavu ana haki ya msamaha wa kodi hata kwenye pensheni ya uzeeni. Ila lazima bodi ithibitishe kwamba ulemavu bado upo. Aende akapimwe, alete cheti, mkipeleke ofisi ya kodi. Wataacha kumkata, na walichokwisha kumkata ataomba kurudishiwa."

"Bado upo? Kwani masikio huota tena?"

"Mimi sikuitunga sheria, dada yangu. Anayefuata."

Tulipotoka nje mama akanishika mkono. "Kwa hiyo wananitoza kodi ya kuzeeka," akasema. Nikamwambia ndiyo, kwa kifupi ndivyo. Akasema heri wangemwambia mapema, angebaki kijana.

Kaka alipopata habari alisema jambo ambalo watoto wema husema. Mama ahamie kwake. Ana chumba cha wageni, mkewe hana neno, wajukuu watafurahi, na hakuna sababu ya mtu kuhangaika na pango uzeeni. Yote kweli. Akatwambia pia kwamba bila msamaha huo yeye hawezi kujaza pengo kila mwezi, ada za shule zimemfika hapa, akaonyesha shingoni. Tukapatana: cheti kisipopatikana, mwisho wa mwezi unaofuata mama anahama.

Mama alimjibu kwa adabu. Tulipobaki wawili akaniambia, "Kule wote wanaongea wakitembea. Wananipa kisogo. Nitakuwa kabati, mwanangu. Watanifungua, watachukua chao, watanifunga."

Nimewahi kumwona pale kwa kaka siku za sikukuu, ameketi katikati ya watu wanaocheka, anageuza kichwa huku na huku akitafuta mdomo ulioanza kicheko.

Kupimwa kulikuwa katika hospitali ile ile. Chumba chake cha simu siku hizi ni stoo ya mafagio. Aliusukuma mlango akachungulia, akasema angalau mafagio bado yako kazini. Kisha tukapanda ghorofani.

Wanaopima masikio wana kibanda kidogo chenye dirisha la kioo. Mgonjwa anakaa ndani na visikilizio, mpimaji anakaa nje na mashine. Mpimaji alikuwa dada mmoja mwenye haraka. Akamwandikia mama maelekezo kwenye karatasi: ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, inua mkono. Mama akavaa visikilizio, na nilivyomwona anavivaa, anavyovisogeza juu ya nywele kwa vidole viwili, nilirudi chini ya meza yake miaka ile.

Dada akabonyeza kitufe. Mama akainua mkono. Akabonyeza tena, mama akainua. Akapunguza mlio, akaongeza, akahamisha sikio, akasubiri kidogo ili kumtega, akabonyeza. Mkono haukukosea hata mara moja. Mimi nikafika mahali pa kufikiri labda Mungu ameingilia kati, tena siku mbaya kuliko zote. Ndipo nikayaona macho ya mama. Hayakuwa yakitazama mbele. Yalikuwa yamepita kwenye kioo, yametua kwenye kidole cha yule dada.

Kabla sijafungua mdomo, daktari wa bodi alishapewa majibu. "Kwa umri wake mama anasikia vizuri sana," akasema, akimtazama usoni na kutamka kila neno wazi. "Hongera, mama."

"Asante, daktari," mama akajibu, na tabasamu juu.

Nilimgombeza kwenye ngazi, mbele za watu. Sioni haya kusema, nilikuwa na hasira. Nilimwambia nimeomba ruhusa kwa kubembeleza kama mtoto, nimesimama asubuhi nzima, na yeye anakwenda kujionyesha. Nilimwambia afunge mizigo kabisa, kaka anamngoja.

Mama alinisoma mpaka mwisho. "Nilitaka kunyamaza," akasema. "Nilijiambia, leo Sifuri, acha. Lakini kile kidole kinashuka. Kinashuka mbele yangu, nami nikae tu? Mkono ulipanda wenyewe."

"Mama, walikuwa wanataka ushindwe."

"Najua. Ndiyo maana sikuweza."

Tukashuka ngazi zilizobaki. Mtu anaweza kumkasirikia mama yake na kumwelewa kwa wakati mmoja, na hakuna kinachochosha kama hicho.

Nilirudi kwa yule karani. Nikamweleza ukweli wote, kioo, kidole, mkono. Alicheka kwanza, kisha akaona sicheki. Akasema mtu anaruhusiwa kukata rufaa mara moja, apimwe na daktari mwingine. "Huyo wa pili akisema anasikia, faili linafungwa. Atakatwa kodi mpaka mwisho wake. Kwa hiyo mwambieni mama apunguze bidii."

Bosi wangu safari hii hakununa. Alisema tu kwamba siku nitakazokuwa sipo kuna mwingine atapiga pasi, na huyo mwingine anaweza kuzoea. Nikaenda hivyo hivyo. Nyumbani kwa mama, kaka alikuwa ameshaleta maboksi matupu. Yalikuwa yamepangwa ukutani, na mama alikuwa ametundika khanga juu yake ili asiyaone.

Daktari wa rufaa alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na viatu vya kutembelea ndani. Nilimwambia mapema, "Daktari, yeye hufuata kidole." Akasema, "Wengi hufuata. Tutamgeuza." Akakitoa kiti kibandani, akakielekeza ukutani, mashine ikawa nyuma ya mgongo wa mama. Mama akaanza kuhangaika, anageuka geuka, maana kumpa mtu mgongo kwake ni kuzimiwa taa. Daktari akaniambia nisimame mbele yake, karibu na ukuta, ili atulie. Nikasimama. Mama akaniona, akatulia.

Kipimo kikaanza. Kitufe kile kilikuwa na sauti yake, tik, ndogo lakini mimi niliisikia. Tik, na mkono wa mama ukapanda. Tik, ukapanda tena. Daktari akaivua miwani akaipangusa, akaivaa, akabonyeza. Ukapanda.

"Mbona anapatia?" daktari akasema, zaidi kwa nafsi yake.

Mimi nami nilikuwa najiuliza hivyo hivyo, mpaka nilipoona mama ananitazama. Hakuwa ananitazama kama mtu aliyetulizwa. Alikuwa kazini. Kidole kikishuka, mimi nilikitazama. Kikishuka, kope zangu zilishuka nacho. Miaka yote nilikuwa nampa maneno ya watu kwa uso wangu bila hata kujua kwamba natoa, na sasa nilikuwa nampa hata hiki.

Ningeweza kuacha mambo yaendelee hivyo hivyo. Daktari angeandika, faili lingefungwa, mama angeshuka ngazi akiwa na masikio mazuri kwa umri wake, na mwisho wa mwezi tungebeba maboksi.

Nikageuka. Nikampa mama kisogo, nikautazama ukuta. Ulikuwa na rangi ya maji ya bahari iliyobabuka, na msumari usio na kitu. Nyuma yangu nikasikia tik. Nikangoja msuguano wa mkono wa gauni lake. Hakuna. Tik. Hakuna. Tik, nyingine nzito zaidi, daktari akiwa ameongeza mlio bila shaka mpaka mwisho wake. Kiti kikalia kidogo. Mama alikuwa anajisogeza, anautafuta uso wangu.

Kisha nikasikia daktari akimvua visikilizio. Nikasikia hatua zake zikirudi nyuma, na akaongea kwa sauti ya kawaida, ya watu wanaoonana. "Mama, ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kimya.

"Mama," akarudia kwa nguvu, "hapa hospitali ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kati ya maswali yote ya dunia. Ukimuuliza mama hilo unavuta kiti, maana hutatoka. Atakuhadithia radi, atakuhadithia usiku umeme ulipokatika akaunganisha watu kwa kupapasa, atakuhadithia mganga mkuu aliyeulizwa chai ya wangapi. Nilibana midomo kwa meno ili isicheze. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, nisije nikatikisa bega akalisoma.

"Mwanangu?" mama akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo, na haikujua ukubwa wake. "Kuna mtu anaongea?"

Sikugeuka.

"Inatosha," daktari akasema. "Binti, mgeukie mama yako."

Cheti kiliandikwa pale pale. Hasikii kabisa, masikio yote mawili. Daktari akanielekeza: kwanza ofisi ya pensheni wakaweke nakala, halafu ofisi ya kodi kwa ajili ya msamaha, na siku hiyo hiyo niombe marejesho ya miezi iliyokatwa, nisiache iwe safari nyingine. Cheti kinadumu miaka mitano. Nikamuuliza baada ya hapo inakuwaje. Akasema, "Mnarudi." Hakukuwa na mzaha katika kulisema kwake.

Tukakaa kwenye benchi la korido. Nilimwambia mama kwamba tumepata, kwamba hahami, kwamba mimi mwenyewe nitayarudisha maboksi kwa kaka. Aliitikia kwa kichwa. Alikipokea cheti, akakisoma neno kwa neno, akakikunja, akanirudishia nikiweke mimi.

"Ulinigeuzia mgongo," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Vizuri. Usirudie."

"Sitarudia."

Watu walipita na viatu vyao. Mama aliwatazama kidogo, kisha akaniuliza, "Yule daktari alikuwa anasema nini? Mwishoni. Nilihisi kuna mtu anaongea nyuma yangu."

Nilitaka kumwambia si kitu. Lakini nilikuwa nimeshampa kisogo kimoja siku hiyo, na kimoja kilitosha. Nikamgeukia uso mzima, nikatamka taratibu. "Alikuuliza ulikuwa unafanya kazi gani hapa."

Mama akaniangalia midomo hata nilipokwisha kusema.

"Na mimi nikanyamaza."

"Ndiyo."

"Mtu ananipigia, mimi nimekaa tu."

"Mama, ndivyo ilivyotakiwa."

"Sijakataa. Cheti si hicho, tumekipata." Aliuweka mkoba wake magotini, akaufunga, akaufungua, akaufunga. Kisha akasema, "Rudi. Kamjibu."

"Mama, ana wagonjwa. Ameshasahau."

"Rudi, mwanangu. Kitaa kimewaka, hukiachi."

Miguu yangu haikutaka. Nilinyanyuka hata hivyo, nikagonga, nikachungulia. Daktari alikuwa na mtu mwingine tayari, mwanamume ameketi kwenye kiti kile kile ameelekea ukutani. Nikasema samahani. Nikasema mama yangu anajibu swali, alikuwa mpokezi wa simu wa hospitali hii, ukipiga sifuri ulikuwa unampata yeye. Nilijiona mjinga. Daktari akasimamisha kidole juu ya kitufe, akanitazama juu ya miwani.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Nikarudi. Mama alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mkoba, macho kwenye mlango. Nikachuchumaa mbele yake ili anione vizuri.

"Anasema amesikia."

Mama akashusha pumzi. "Haya," akasema, akanipa mkono nimwinue. "Twende basi, bosi wako asije akakufukuza."